Wivu na Kijicho

Wengi wanaojifunza Kiingereza hudhani ya kuwa "jealousy" na "envy" ni neno moja kwa sura mbili. Waingereza wenyewe mara nyingi hutumia la kwanza mahali pa la pili, nasi tukitafsiri twaandika "wivu" kotekote. Lakini katika mambo ya roho yatupasa kupambanua.

"Jealousy" ni wivu wa kulinda kilicho chako. Asili yake ni neno la Kiyunani "zelos", yaani bidii yenye moto. Mume na mke huona wivu kwa ajili ya ndoa yao. Na katika sura ya 20 ya Kitabu cha Kutoka Mungu mwenyewe ajiita mwenye wivu, kwani taifa lake ni lake kweli. Wivu waweza kuharibika ukawa shuku na ukali, lakini waweza pia kutoka katika mapendo.

"Envy" ni jambo jingine. Latokana na neno la Kilatini "invidia", ambalo asili yake ni kumtazama mtu kwa jicho baya. Na tazameni hekima ya lugha yetu, ambayo dhambi hiyo hiyo imeiita "kijicho"! Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa ni huzuni kwa ajili ya heri ya mwenzetu. Mwenye wivu aogopa kupoteza chake. Mwenye kijicho hakupoteza kitu, ila aumia kwa kuwa jirani amepata. Ndiyo maana Kanisa lakihesabu kijicho katika mizizi 7 ya dhambi. Ndicho kilichowasukuma ndugu zake Yosefu kumwuza, na Pilato alitambua ya kuwa Bwana wetu aliletwa kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Jirani akiezeka bati, twanong'ona ya kuwa ameiba. Mtoto wake akifaulu mtihani, twasema ana dawa. Kisha twaenda kuungama "wivu kidogo", tukificha dhambi kubwa chini ya jina la ile ndogo. Wala sisi mapadre hatumo nje: nasi tumepata kuhuzunika tuliposikia parokia ya mwenzetu yasifiwa.

Basi, juma hili kila mmoja wetu amtaje mbele ya Mungu yule ambaye heri yake yamwuma, amwombee azidishiwe, kisha aende akampe mkono wa pongezi. Neno la kwanza litakuwa zito mdomoni. Tulitamke hata hivyo.