JE, MGONJWA AAMBIWE UKWELI?



Liko swali moja ambalo sisi wazee wa Kanazi tumelizungumza mara nyingi tukitoka mazikoni, wala hatujalimaliza. Daktari anapoona kwamba ugonjwa hauponi, je, amwambie mgonjwa mwenyewe, au awaambie jamaa zake tu? Desturi yetu inajulikana. Jamaa huitwa ofisini, mlango hufungwa, nao wakirudi wodini humwambia mgonjwa kwamba daktari amesema anaendelea vizuri.

Desturi hiyo tuliifuata miaka michache iliyopita, kaka yetu mkubwa alipolazwa. Alikuwa hawezi tena kumeza hata uji. Tuliambiwa kwamba ni saratani ya umio, tena imekwisha kuenea, na upasuaji hautafaa kitu. Palepale, kabla hatujatoka mlangoni, tukakubaliana kumwambia kwamba ni vidonda vya tumbo. Hatukufanya hivyo kwa ubaya. Tulimpenda, nasi tuliogopa kwamba neno lile lingemwua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Siku ya tatu alitugeukia sisi tunaoandika haya, akasema, "Mwalimu, miaka yote umewafundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Hebu niambie, daktari alisemaje?" Tukamjibu, "Kaka, ni vidonda tu. Meza dawa, utarudi kuvuna kahawa yako." Alitutazama kwa muda, kisha akalala ameelekea upande wa pili. Tangu siku ile hakuuliza tena, nasi tukafurahi tukidhani amesadiki.

Baada ya wiki sita alifariki. Mwanawe wa kwanza, ambaye walikuwa wamekosana kwa ajili ya shamba, alimkuta ndani ya sanduku.

Matanga yalipokwisha, alikuja kutupa pole mzee mmoja aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani. Maneno yake hatujayasahau. Alisema, "Ndugu yenu alijua tangu siku ya kwanza. Aliniambia kwamba aliona macho yenu mlipotoka kwa daktari. Tena watu ambao hawajapata kumpa hata yai walianza kumletea kuku, naye hawezi kumeza. Nikamshauri amwite mwanawe. Akanijibu, 'Nikimwita, watajua kwamba ninajua, nao wamejitahidi sana kunificha.'"

Hapo tuliona tulilolifanya. Tulidhani tunamfunika mgonjwa asipigwe na baridi ya habari mbaya. Kumbe habari alikuwa nayo, na tulichomnyima ni mtu wa kuzungumza naye tu. Yeye alitulinda sisi, nasi tulidhani tunamlinda yeye. Siri aliyoishika ilimgharimu mwanawe.

Wako watakaosema kwamba mgonjwa akikata tamaa hufa upesi. Jambo hilo si la kudharau. Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Ujerumani aliandika mwaka 1797 kwamba si haki kusema uongo hata kwa nia ya kumwokoa rafiki anayetafutwa na mwuaji. Sisi hatuendi mbali kiasi hicho, wala hatusemi kila mgonjwa atupiwe habari yake kama mtu atupiwavyo jiwe. Lakini tuulize: mgonjwa hukata tamaa kwa sababu ya kujua, au kwa sababu ya kujua peke yake?

Wengine watasema kwamba ukweli una faida pale penye dawa tu. Sisi wa mkoa wa Kagera tunao ushahidi wa jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", na katika nyumba nyingi ulitajwa kwa jina lo lote isipokuwa lake. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Lakini hata katika miaka ile ambayo dawa haikuwapo, mtu aliyeambiwa aliweza kumlinda mwenzi wake na kupanga nani atawalea watoto. Asiyeambiwa hakuweza.

Tena tukumbuke habari za mfalme Hezekia. Isaya hakuwaambia watumishi sebuleni. Alimwambia mfalme mwenyewe kwamba atakufa, na kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeukia ukutani akaomba na kulia sana. Tunajua kwamba aliongezewa miaka kumi na mitano, lakini hata kama asingeongezewa, alipewa nafasi ya kulia machozi yake mwenyewe. Kaka yetu naye aligeukia ukutani, ila sisi hatukumpa sababu ya kulia mbele yetu.

Basi mgonjwa aambiweje? Kwanza aulizwe anataka kujua kiasi gani, maana wako wasiotaka, nao waheshimiwe. Akiuliza mwenyewe, ajibiwe. Aambiwe polepole, na mtu atakayebaki ameketi. Aambiwe pia kwamba hataachwa, na kwamba hata pasipo tumaini la kupona iko huduma ya kutuliza maumivu, ambayo wataalamu huiita tiba shufaa. Kazi hii tusimwachie daktari peke yake, ambaye ana wodi nzima ya kuzungukia.

Nasi tumekwisha kuwaambia watoto wetu, tukiwa bado wazima: siku tutakapoulizia hali yetu, tuambieni, na mmoja wenu avute kiti.