Tumaini la Mgonjwa

Je, ni vema kumpa mgonjwa tumaini ambalo halijathibitishwa? Wengi hujibu upesi kwamba ni vema, kwa kuwa mfa maji hukamata maji. Jibu hilo latoka katika moyo mwema. Lakini moyo mwema pekee hautoshi, na yafaa tulipime.

Sisi wa Kagera twaijua gharama ya swali hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na wengine wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizopendwa siku zile. Msomaji wa Nyabiyonza aliyekuwa mtu mzima wakati huo akumbuka vibanja vilivyobaki mikononi mwa wazee na watoto.

Katika giza hilo, mwaka 1990, ilitangazwa huko Nairobi dawa iliyoitwa Kemron, iliyochunguzwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Ilikuwa na kiasi kidogo sana cha interferoni, protini ambayo mwili wenyewe huitoa ili kujikinga na virusi, nayo iliyeyushwa kinywani. Rais Moi mwenyewe aliisifu hadharani, na wagonjwa wakaitafuta kwa shauku. Kisha majaribio mengine yakafanywa. Uganda wagonjwa waligawanywa kwa kura: hawa wakapewa dawa, wale kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani, wala mgonjwa wala mganga hakujua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: dawa ile haikuwafaa kitu.

Mtu aweza kusema: hayo ni makosa ya haraka. Basi na tutazame jambo lililoendeshwa bila haraka. Iko protini nyingine ya mwili iitwayo interlukini-2, ambayo huzikuza na kuziongeza chembe za damu zinazotulinda. Wataalamu waliyapachika maagizo ya urithi ya binadamu ndani ya bakteria, na bakteria hao wakaitengeneza kwa wingi. Kwa saratani ya figo iliyokwisha kuenea, Marekani iliikubali mwaka 1992. Kwa Ukimwi ilipimwa katika majaribio mawili makubwa, yenye watu zaidi ya 5,000 wa nchi mbalimbali. Chembe za CD4 ziliongezeka kweli. Lakini matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliopewa protini hiyo pamoja na dawa za kawaida hawakuugua wala kufa kwa uchache kuliko waliopewa dawa za kawaida peke yake. Hesabu ilipanda, mtu hakufaidika.

Protini za namna hii huuzwa kwa maabara katika chupa ndogo zenye maandishi kwamba ni za uchunguzi tu, si za kutibu watu. Maneno hayo machache yana hekima kubwa. Kati ya chupa ya maabara na kinywa cha mgonjwa iko njia ndefu, na hakuna aliye na haki ya kuiruka, hata kwa huruma.

Lakini, wauliza wengine, anayekufa ana nini cha kupoteza? Anacho kingi. Ana ng’ombe atakayeuzwa, fedha ya buni iliyokuwa karo ya mtoto, siku chache za kukaa na jamaa zake. Zaidi ya yote, ana imani yake kwetu. Anayemdanganya mwenye afya humwibia. Anayemdanganya mgonjwa humwibia asiyeweza tena kukitafuta alichoibiwa.

Hata hivyo, haki hii ina upande wa pili, na tusiufiche. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipita njia ileile ya majaribio, na kufikia mwaka 1996 nguvu yake ilikuwa imekwisha kujulikana duniani, zinapotumiwa kadhaa kwa pamoja. Tanzania ilianza kuzigawa bure kwa wananchi mwaka 2004 tu. Katika miaka ile minane kikwazo hakikuwa uthibitisho, bali bei na uzito wa mioyo ya wenye uwezo. Kumngojesha mgonjwa mpaka ukweli upatikane ni kumheshimu. Kumngojesha baada ya ukweli kupatikana ni dhuluma.

Basi wajibu wetu ni wa namna mbili. Tuletewapo habari ya dawa mpya, iwe ya maabara ya ng’ambo, iwe ya mzizi wa msituni, tuulize bila haya: imepimwa kwa nani, na waliopewa waliishi zaidi ya wasiopewa? Na ikiisha kuthibitika, tudai bila kuchoka iwafikie walio mbali na barabara kuu. Mgonjwa anastahili tumaini, nalo liwe lile ambalo twaweza kulilipa.