Serikali na Chungu cha Raia

Serikali haiingii jikoni wala haipakui ugali, lakini mkono wake umo chunguni. Yafaa tujiulize: mkono huo una haki gani?

Wakati wa ukoloni jambo hili halikufichwa. Sheria ndogo zilimlazimisha mkulima kupanda muhogo wa akiba ya njaa, na aliyekaidi aliadhibiwa. Amri ile iliwaudhi wazee wetu. Hata hivyo muhogo uliwaokoa wengi, nasi hatuoni haya kulisema hilo.

Baada ya uhuru ilitumika njia ya upole zaidi, nayo ni bei. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta upungufu wa chakula Tanzania, Serikali ilipandisha bei ya mtama na muhogo, mazao yastahimiliyo jua, ili wakulima wavutiwe kuyalima. Wakalima, wakaliuzia Shirika la Usagishaji la Taifa. Wakati huohuo sembe iliuzwa mijini kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku. Nani basi angeiacha sembe nyeupe, tena rahisi, akanunue mtama? Maghala yakajaa mazao yasiyo na mnunuzi. Mkono mmoja ulipanda, wa pili ukang'oa. Ruzuku ilipoondolewa mwaka 1984, vinywa vya mjini vilikwisha kuzoea, na mazoea ya kinywa hayafutwi na bajeti.

Hapa ndipo penye uzito wa swali letu. Amri huonekana, na kionekanacho huweza kupingwa. Bei haina sura ya amri. Mtu hudhani amechagua mwenyewe, kumbe uchaguzi ulikwisha fanywa mezani kwa wengine. Wako wasemao kwamba, kwa hiyo, serikali isiguse chakula kabisa. Hatukubaliani nao. Kuliachia soko nako ni kuchagua, na soko halimuulizi mtoto kama ameshiba. Tena tuitazame chumvi: katika nyanda za juu watu wengi waliugua rovu kwa upungufu wa madini joto, katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi itiwe madini hayo, na hakuna aliyepotewa na ladha ya mchuzi wake.

Chumvi ile haikumnyang'anya mtu chakula chake. Sembe ya ruzuku iliushusha mtama hadhi, ukaonekana chakula cha wasio na kitu. Aliyeulima miaka yote hakuulizwa. Lakini mtama na uwele bado hulimwa Dodoma na Singida, kwa kuwa mvua ya huko haikuifuata bei.