Msaada, Mchango na Furaha ya Mbio za Hisani

Je, yafaa watu kufurahi katika shughuli iliyozaliwa na msiba? Tangu mwaka 2012, vyama vya Rotary nchini Uganda vimekuwa vikiandaa mbio za kuchangia vita dhidi ya saratani, fedha zake zikikusudiwa kujenga kituo cha matibabu katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Watu hununua fulana, wakakimbia au wakatembea, wazee kwa watoto, huku wakicheka na kuimba. Wapo wasemao kwamba hiyo ni sherehe iliyovishwa vazi la huruma. Mwenye huruma ya kweli, wasema, angetoa fedha zake kimya kimya na kubaki nyumbani.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Saratani si jambo la mzaha. Mwaka 2016, mashine ya pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika. Mgonjwa wa Mbarara, ambaye hata kabla ya hapo alikuwa na safari ya kiasi cha kilomita 270 kufika Kampala, sasa aliambiwa kwamba hata huko Kampala hakuna mionzi. Kwa mtu kama huyo, shangwe za barabarani zina maana gani?

Sisi walimu wa Kiswahili twaweza kuanzia kwenye maneno. Lugha yetu hutenganisha msaada na mchango. Msaada hutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, na baina yao kuna juu na chini. Mchango hauna juu wala chini. Wanaochanga hukaa duara moja, na kikapu hupita katikati yao. Tena kuchanga kunatamkwa karibu na kuchangamana na kuchangamka. Hatudai kwamba maneno hayo yote ni ya shina moja. Kazi hiyo twawaachia wanasarufi. Twasema tu kwamba katika maisha mambo hayo matatu hufuatana: watu wakichanga huchangamana, na wakichangamana huchangamka. Basi furaha ya mbio haitokani na ugonjwa, wala si malipo ya wema. Inatokana na kila mmoja kujiona kuwa ni mtoaji miongoni mwa watoaji.

Kama ni hivyo, lazima tuulize ni nani anayenyimwa furaha hiyo. Kusini mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Katika daftari za ulimwengu, watu hao wameandikwa upande mmoja tu, upande wa wanaopokea. Je, tuwaalike nao katika mbio za hisani? Wengine watasema ni ukatili kumwomba mchango mtu ambaye mgao wake wa chakula ulipunguzwa mwaka 2023. Kumdai fedha kungekuwa ukatili kweli. Lakini kumfungia mlango wa kutoa ni ukatili wa namna nyingine, maana ni kumwambia kwamba hana kitu ambacho binadamu mwenzake aweza kukihitaji. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Nakivale jembe limekwisha kutolewa, kwani wakimbizi wengi wamegawiwa mashamba. Anayelima pamoja nasi, kwa nini asikimbie pamoja nasi?

Na historia yashuhudia kwamba wasio na mali wamekwisha kutoa. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 watafiti wakatangaza kwamba wamegundua ndani yake virusi vinavyohusishwa na saratani, vya kwanza kujulikana kwa binadamu. Watoto wale hawakuwa na shilingi ya kuchangia utafiti, lakini maarifa yaliyotokana na maradhi yao yamekuwa hazina ya ulimwengu mzima.

Kwa hiyo twaona kwamba furaha ya mbio ni halali kwa masharti mawili. Kwanza, isimsahau mgonjwa, wala isiwe kisingizio cha serikali kuacha wajibu wake. Pili, iwe wazi kwa wote: mwenye shilingi alete shilingi, mwenye miguu alete miguu, na asiyeweza kukimbia ashike maji ya kuwapa wakimbiaji. Mkimbizi wa Nakivale akisimama mstari mmoja na mfanyabiashara wa Mbarara, hapo hautakuwa tena msaada. Utakuwa mchango.