Mwana wa Mtawala Afunzwe Wapi?

Katika uwanda wa Itungi, ambako mito ya Songwe, Kiwira na Mbaka huingia Ziwa Nyasa, palikuwa na desturi iliyowastaajabisha wageni. Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa alipopata umri wa miaka kumi hivi, alitoka kwa wazazi wake akajenga kibanda pamoja na wenziwe wa hirimu moja. Huko walilala, na mchana walilima mashamba ya baba zao. Chakula walikula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mwana wa malafyale, yaani mtawala, hakutengwa. Alichunga pamoja na wana wa raia, akashindana nao mieleka, mara akiwaangusha na mara akiangushwa. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti katika nchi hiyo miaka ya 1930, walieleza kuwa kwa Wanyakyusa busara ilipatikana hasa katika mazungumzo ya marika.

Serikali ya Waingereza iliona vingine. Mwaka 1925 ilifungua shule Tabora kwa ajili ya wana wa machifu, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kutawala kwa mikono ya wenyeji. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Atakayeamua kesi, kutunza hesabu za kodi na kujibu barua za bomani hawezi kutegemea elimu ya malishoni peke yake. Ajabu ni kwamba huko kwao Waingereza mambo yalikwenda kinyume: Eton, iliyoanzishwa na Mfalme Henry VI mwaka 1440 kwa wanafunzi 70 maskini, iligeuka kuwa shule ya makabaila, Tabora iliyoanza na wana wa machifu ikaja kuwapokea watoto wa watu wote waliofaulu mtihani.

Lakini swali halikuwa la masomo tu. Watu wa Itungi waliamini kuwa malafyale aliyekula nyama yake peke yake angepatwa na baridi na homa kwa sababu ya pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya jirani zake. Msomi wa leo aweza kuikataa imani hiyo, tena ana haki, kwa maana ilileta hofu na tuhuma nyingi za uchawi. Hata hivyo hapana budi kuuliza ilifanya kazi gani. Ilimkumbusha mtawala kwamba wanaomnung'unikia ni watu waliokula naye chungu kimoja, wanaomjua tangu alipokuwa akilia kwa kupoteza ndama. Manung'uniko ya watu asiowajua yangemwingiaje?

Pengine mtu atamtaja Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyeingia Tabora mwaka 1937. Na serikali yake ndiyo iliyofuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Ni kweli, shule ya mbali haikumtenga na watu. Ila yafaa kukumbuka kwamba alianza shule akiwa na miaka 12, na utoto wake kabla ya hapo ulipita kijijini.

Wala desturi ya Itungi isipambwe kupita kiasi. Vijiji vya rika vilikuwa vya wavulana tu. Binti, awe wa malafyale au wa raia, aliposwa kwa ng'ombe kabla hajavunja ungo.

Machifu hawatawali tena, na shule za kata zimejengwa karibu na watu. Lakini mwenye uwezo, afisa au mfanyabiashara, humpandisha mwanawe basi aende bweni la mbali, wala hakuna amlaumuye, maana kila mzazi humtakia mwanawe lililo jema. Mtoto huyo hurudi wakati wa likizo, akapita kando ya mashamba ya mpunga bila kujua majina ya marika zake wanaofukuza ndege humo. Huenda baada ya miaka ishirini akarudi akiwa afisa, akaletewa kesi ya mpaka wa mashamba hayohayo.