Udongo Ulio Tayari



Kila tusomapo mfano wa mpanzi katika Mathayo 13, swali hili huturudia: kwa nini mtu mmoja hulipokea Neno kwa furaha, na jirani yake, aliyeketi benchi lile lile, asisikie kitu?

Wengi hujibu upesi kwamba ni shida. Mtu akifiwa, akiugua au akikosa chakula, humkumbuka Mungu. Jibu hili lina kweli ndani yake. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaanza kazi Rabai. Walihubiri miaka mingi, na walioamini walihesabika kwa vidole. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baadaye watumwa waliotoroka walikimbilia Rabai kutafuta usalama, na Kasisi William Jones, ambaye zamani alikuwa mtumwa yeye mwenyewe, akawapokea. Mabwana zao wakawadai, hata mwishoni mwa mwaka 1888 ikabidi walipwe fedha ili wakimbizi hao wapate uhuru wao.

Lakini tutazame vizuri. Njaa, vita na biashara ya watumwa vilikuwako Pwani kabla ya mmisionari yeyote kufika Rabai. Kama shida peke yake ingetosha, kanisa la Rabai lingejaa mwaka wa kwanza. Shida hufungua sikio. Moyo hufunguliwa na uaminifu wa yule asemaye. Rebmann alikaa huku miaka 29, hata macho yake yakaingia giza. Na wale wakimbizi walimsikiliza mtu aliyeyajua maisha ya utumwa.

Hapa ndipo ilipo hatari yetu. Tukisha kujua kwamba mwenye shida husikia upesi, twaweza kuifanya shida yake kuwa chambo. Twampelekea mjane unga, kisha Jumapili twageuza shingo kutazama kama amekuja. Asipokuja mara mbili, jina lake linatoka katika orodha. Huko si kuhubiri, ni kununua. Na aliyenunuliwa kwa unga atauzwa kwa unga. Bwana wetu aliwatakasa wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru. Wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao.

Nasi tuliobatizwa tangu utoto, tusijihesabu upesi kuwa udongo mzuri. Udongo wa njiani ulikuwa udongo wa shamba lile lile. Uligeuka mgumu kwa kukanyagwa kila siku. Ndivyo tulivyo tunaoyajua majibu yote ya sala kwa moyo, midomo ikisema na mawazo yakiwa sokoni. Huenda mjane yule asiyekuja yuko karibu na Ufalme kuliko sisi tunaomhesabu.

Kuulainisha moyo wa mtu ni kazi ya Mungu. Kazi yetu ni kupanda, na kuwa watu ambao neno lao laweza kuaminiwa. Basi, mjane asipoonekana kanisani Jumapili hii, unga wake na upelekwe Jumatatu kama kawaida, na atakayeupeleka akae kidogo, amsikilize.