Sauti ya Nani?



Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, sisi tuliomaliza kidato cha sita tunaulizana swali moja kila tukikutana, iwe kwenye mazoezi ya kwaya au kwenye foleni ya mwendokasi: "Wewe umeomba nini?" Ukisema udaktari, watu wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Ukisema sheria au uhandisi, vivyo hivyo. Mimi nikisema naomba kusomea tiba ya usemi na lugha, kunakuwa na kimya kidogo, halafu linakuja swali la pili: "Hiyo ndiyo nini?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi mwezi huu. Na kadiri ninavyolijibu, ndivyo ninavyoona kwamba chini yake kuna swali lingine ambalo fomu ya chuo haiulizi: mtu asiyeweza kusema anatudai nini? Anatudai tumsemee, au kuna kitu kingine?

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha anahudumia watu ambao mawasiliano yao yamekwama: mtoto wa miaka 4 ambaye bado haunganishi maneno, mwanafunzi mwenye kigugumizi, mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo sungura na sasa anajifunza kutamka upya, mtu mzima aliyepata kiharusi. Anashughulika pia na kumeza, kwa kuwa mdomo, ulimi na koo tunavyosemea ndivyo hivyo hivyo tunavyolia chakula. Mgonjwa wa kiharusi akilishwa uji vibaya, uji unaweza kuingia kwenye mapafu ukamletea nimonia. Hapa Dar, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yaani MUHAS, kina shahada inayounganisha masuala ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Jirani zetu wa Makerere, Uganda, walianzisha shahada yao mwaka 2008. Ni fani changa katika ukanda wetu, kwa hiyo siwalaumu wanaoniuliza.

Sasa ifikirie fani hiyo mahali kama Kariakoo. Ukishuka kituo cha Msimbazi ukaingia Mtaa wa Kongo, sauti inakupokea kabla hujaona bidhaa. Kuna spika zinazorudia bei ile ile tangu asubuhi, kuna vijana wanaokuita "dada", "anko", "bosi" ili tu ugeuke, kuna wabeba mizigo wanaokupigia kelele upishe njia. Pale mdomo ni mtaji. Mtu anaweza kukosa fremu, akakosa hata meza, akatandika turubai chini na kuuza kwa maneno yake.

Mjomba wangu aliishi hivyo. Aliuza viatu kwa miaka 15 na zaidi, na wateja walimjua kwa utani wake kabla ya kuvijua viatu vyake. Kisha akapata kiharusi. Madaktari waliokoa maisha yake, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakaondoka. Leo anaelewa karibu kila unachomwambia, anacheka pale panapochekesha, ila akitaka kusema linatoka neno moja tu: "Bado." Ukimuuliza kama amekula, bado. Ukimsalimia, bado. Ukimwonyesha picha ya mjukuu wake, bado, na machozi yanamlengalenga.

Kilichonisumbua zaidi ni jinsi watu walivyobadilika. Wageni walianza kumuuliza mke wake, "Anaendeleaje?" ilhali mwenyewe amekaa hapo hapo kwenye kochi. Biashara yake ilijadiliwa sebuleni, meza apewe nani, madeni yakusanywe vipi, naye yupo, anageuza macho kutoka kwa msemaji huyu kwenda kwa yule, kama mtu anayetazama mpira. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walidhani tu kwamba maneno yakiondoka, na mawazo yameondoka.

Jambo hili si la Kariakoo peke yake. Mwaka 1861 daktari mmoja Mfaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa ameishi zaidi ya miaka 20 katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Mgonjwa huyo alielewa mengi aliyoambiwa, lakini alichoweza kutamka ni silabi moja, "tan". Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Ugunduzi huo ulisaidia sana kuelewa jinsi ubongo unavyoshughulikia lugha. Pale hospitalini walikuwa wanamwita Tan, na hadi leo wengi wanamjua kwa silabi hiyo. Jina lake lilikuwa Leborgne. Niliposoma habari hizo nilinyamaza kwa muda, maana mtaani kwetu watoto wameshaanza kumwita mjomba "Babu Bado".

Vijana Wakatoliki tunaupenda sana msemo wa kuwa "sauti ya wasio na sauti". Tunauandika kwenye fulana za kongamano, tunautumia kwenye hotuba. Ni msemo mzuri, na kuna wakati ni wajibu kabisa: mtoto aliye tumboni hawezi kujitetea, na mtu anayeonewa kwa hofu anahitaji wa kumsemea. Lakini una hatari yake. Nikikusemea kila siku, anayesikika ni mimi. Nikizoea kusikika kwa niaba yako, sitakuwa na haraka ya wewe kuanza kusema. Huduma inaweza kugeuka umiliki taratibu, bila mtu yeyote kukusudia.

Soma Injili ya Marko sura ya 7, kuanzia mstari wa 31. Watu wanamleta kwa Yesu mtu kiziwi ambaye pia ulimi wake ni mzito. Tafsiri moja ya Kiswahili inatumia neno "utasi", neno zuri la wazee kwa ulimi uliofungwa. Angalia Yesu anavyofanya. Kwanza anamtoa kwenye umati, anakwenda naye pembeni. Hamfanyi kuwa maonyesho. Kisha anamgusa masikio, anamgusa ulimi, anatazama juu mbinguni. Yaani, kwa mtu asiyesikia, Yesu anaanza kuzungumza kwa vidole na macho, kwa njia ambayo mtu huyo anaweza kuielewa. Ndipo anatamka "Efata", na masikio yanafunguka, na yule mtu anaanza kusema vizuri.

Alisema nini? Marko hatuambii. Tunajua umati ulisema nini, maana walikatazwa kutangaza na bado wakatangaza kila mahali. Lakini maneno ya kwanza ya yule mtu yalibaki kuwa yake. Yesu hakumpa hotuba ya kukariri. Neno hilo la Efata lipo hata katika ibada ya Ubatizo, padri anapogusa masikio na mdomo wa mbatizwa, na nadhani tunalisikia haraka haraka tukiwaza picha na keki. Linaomba mtu afunguliwe ili asikie na kusema mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kumsemea mtu kunaweza kukufanya uhitajike milele. Tiba ya usemi, ikifanikiwa, inaishia pale ambapo huhitajiki tena. Mtoto anaondoka, anakwenda kuwajibu walimu wake, anagombana na wenzake uwanjani kwa mdomo wake mwenyewe, na pengine hata jina lako hakumbuki.

Rafiki yangu mmoja wa jumuiya alinibana hapa, na alinibana vizuri. Alisema: "Kwa hiyo asiyesema ni nusu mtu mpaka nyie wataalamu mumfungue?" Hapana. Heshima ya mtu haitokani na ulimi wake. Inatoka kwa Mungu aliyemuumba kwa mfano wake, na ilikuwepo kabla hajatamka neno. Kiziwi anayetumia Lugha ya Alama hana upungufu wa lugha; anayo lugha kamili ambayo wengi wetu ndio hatuijui. Kanisa letu lina historia katika hili: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Kanisa Katoliki kule Tabora mwaka 1963. Hapa Dar tunayo Shule ya Viziwi Buguruni. Na kwa familia nyingine njia ni tofauti: tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza vifaa vya kusaidia kusikia, na baada ya upasuaji mtoto anahitaji muda mrefu wa kufundishwa kuzitambua sauti na kuzitamka. Upasuaji peke yake haumpi maneno.

Kwa hiyo lengo ni mtu kufikisha lililo moyoni mwake, kwa njia yoyote inayomfaa. Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, alipokuwa bubu, ndugu na majirani walitaka kumpa mtoto jina wanalolipenda wao. Wakamuuliza baba kwa ishara. Zakaria akaomba kibao, akaandika. Kibao kile kilimrudishia nafasi yake ya baba ndani ya nyumba yake. Musa naye alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na hatusomi kwamba ulimi ule ulibadilishwa. Alipewa Haruni wa kwenda naye, lakini maneno yalipaswa kutoka kwa Musa. Kuna watakaofunguliwa, na kuna watakaohitaji kibao au mwenzi wa safari. Wote wana la kusema.

Sasa nije kwa mama yangu, maana yeye ndiye mwenye hoja ngumu kuliko wote. Nimesoma PCB na alama zangu zinaniruhusu kujaribu udaktari. Mama ananiambia: "Mwanangu, mtu kwanza awe hai, ndipo aongee. Na hicho unachotaka kusoma, utaajiriwa wapi?"

Siwezi kumjibu mama kwa maneno mepesi. Ni kweli uhai ni wa kwanza. Ni kweli pia kwamba ajira ni ngumu, na amri ya nne haisimami ikifika msimu wa maombi ya vyuo. Lakini nimemwambia hivi: mjomba yuko hai, mama. Madaktari walifanya kazi yao. Baada ya hapo ni nani aliyebaki naye? Mungu hakutuumba tupumue tu. Alituumba tuishi na wengine, na kuishi na wengine ni kuitana, kubishana, kuombana radhi, kusali pamoja. Mtu akiokolewa kifo kisha akaachwa peke yake katikati ya familia yake, kuna kazi haijaisha.

Tena kazi hii inahitaji watu wa lugha hii. Mtoto wa Ilala akisema "gari imeharibika", mtaalamu anayekijua Kiswahili kwa vitabu tu anaweza kuandika kwamba ana tatizo la ngeli. Mtoto huyo hana tatizo lolote. Ndivyo anavyosema baba yake, ndivyo anavyosema kondakta. Ili ujue kipi ni ugonjwa na kipi ni mtaa, lazima uwe umekulia kwenye maneno hayo.

Huenda msaada wangu usimfikie mjomba. Masomo ni ya miaka kadhaa, na baada ya kiharusi miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kupona. Nimeliombea jambo hili, na nimelikubali: unaweza kuitwa kwa sababu ya mtu mmoja, ukatumwa kwa mwingine usiyemjua. Kwa mjomba nafanya yanayowezekana sasa, na hata wewe unayaweza bila shahada. Mkalie mbele, umtazame. Sema sentensi fupi. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, mwonyeshe picha achague. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno, subiri. Na jambo lake lisijadiliwe kama vile hayupo chumbani.

Fomu nimeijaza. Chaguo la kwanza ni tiba ya usemi na lugha. La pili ni udaktari, kwa sababu mama naye ni sauti ambayo Mungu amenipa niisikilize. Sasa nasubiri majibu ya chuo na ya Bodi ya Mikopo, kama wengi wenu.

Tafakari: Nyumbani kwenu au kwenye jumuiya yenu, ni nani anayejadiliwa akiwa amekaa hapo hapo? Lini mara ya mwisho ulimsubiri amalize?

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemtoa yule mtu pembeni ukamgusa ulimi, utupe masikio yasiyo na haraka. Uwakumbuke wanaotafuta maneno wakiwa vitandani Muhimbili, watoto wa Buguruni, na wote walio njia panda ya kuchagua masomo. Utuonyeshe tunakohitajika, na siku kazi yetu ikiisha, utupe unyenyekevu wa kukaa kando. Amina.